Mkono wa Kupimia

Mume wangu ameamua kuwa fundi. Ni mtu wa ofisi, mikono laini kama ya kasisi, lakini amekaa na simu miezi mingi akitazama watu wa ng'ambo wakitengeneza meza kwenye gereji zao, na sasa anataka gari letu lilale nje linyeshewe ili yeye apate karakana. Jumamosi iliyopita alinikokota hadi duka moja la hardware mjini Kericho kuchagua vifaa. Muuzaji, kijana mwenye maneno mengi, akamfunulia patasi mpya iliyokuwa bado imeviringishwa kwenye karatasi yenye mafuta ya kuzuia kutu. Ile harufu ikanipata. Nikamwambia mume wangu nitamngoja nje, akadhani nimechoka.

Sikuwa nimechoka. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ni ya zamani, ya mtoto wa darasa la nne. Nyinyi mnaosema muda huponya, poleni sana. Mimi sijapona, wala sijaomba kuponywa.

Kwetu ni juu ya Kaplong, shamba dogo la chai linaloteremka mpaka kijitoni, na ng'ombe wa maziwa wa kutosha kutupa kazi asubuhi na jioni. Baba alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda kimoja cha chai upande wa Kericho. Alilala huko huko kwenye nyumba za wafanyakazi. Wikendi moja anakuja, mbili hatumwoni. Asipokuja, Mama alisema yuko zamu. Nilikua nikijua kwamba zamu ni kitu kama mafua, kinampata mtu tu, na hakuna wa kulaumiwa.

Mama alikuwa na mimi peke yangu. Walikuwepo wawili walionifuata, lakini hawakukaa. Majirani wakija kunywa chai walikuwa wananiangalia mimi, halafu wanamwangalia Mama, halafu wanasema, "Mungu yupo, Mama Chebet." Mama anawaongezea chai. Mimi nilidhani ni maombi.

Mwaka ule ninaousema, Baba alianza kujenga karakana nyuma ya zizi. Wakshop, aliiita. Ilikuwa mabati pande tatu, upande wa nne wazi, meza nzito ya mbao za mkima, ule mti wa kupandwa mipakani, na jiriwa kuukuu ya kubania vyuma ambayo kiwanda kilikuwa kimeitupa. Na ghafla zamu zikaisha. Kila Ijumaa jioni tulimwona anapanda njia ya majani chai na begi lake begani. Mama akaanza kununua unga wa ngano. Akatoa leso ya kichwa aliyokuwa anaiweka ya harusi za watu, akawa anaivaa kukamua ng'ombe.

Ni lazima niwaelezee jambo la mipini, la sivyo mtaniona nilikuwa mpumbavu zaidi ya nilivyokuwa. Baba hakuamini mpini wa dukani. Alisema kiwandani wametengeneza mpini mmoja wa watu wote, na huyo mtu wa watu wote hajazaliwa bado. Akinunua kitu chochote chenye mpini, anaung'oa na kuutia motoni, halafu anachonga mwingine kwa mzeituni wa msituni, ule tunaouita emitiot, uliokauka kwa moshi wa jikoni juu ya mafiga. Anachonga kwa panga, anapitisha tupa, na mwisho anakwangua kwa kipande cha kioo kilichovunjika. Na wakati wote huo mwenye mpini anasimama hapo hapo ili ajaribu. Jembe la Mama lilichongwa kwa mkono wa Mama, na hakuna mtu mwingine aliyelishika. Babu alipokufa, panga lake halikurithiwa na mtu, likaning'inia ukutani likaota kutu, kwa sababu halikuwa na mkono tena. Kwetu mpini ukichongwa kwa mkono wako, ni wako. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo kwa maneno. Niliona tu, kama watoto wanavyoona.

Basi Jumamosi moja Baba akaniita kutoka jikoni. Alikuwa na kigogo cha emitiot na penseli ya fundi nyuma ya sikio.

"Leta mkono," akasema.

Nikauleta. Akauzungushia kile kijiti, akavikunja vidole vyangu kimoja kimoja, akachora pale vilipokutana. Mikono yake ilikuwa mizito, yenye nyufa nyeusi za grisi isiyotoka kwa sabuni yoyote. Baba hakuwa mtu wa kushika watoto. Sikumbuki alishawahi kunishika hivyo kabla ya siku ile, hata nikiugua. Nilisimama pale nikiogopa kupumua asije akauachilia.

"Ni wa nini, Baba?"

"Wa nyundo."

Wa nyundo! Nyinyi mnajua msichana wa Kipsigis anapewa nini. Anapewa kibuyu, kikapu cha majani chai, na mtoto wa jirani wa kubeba mgongoni. Nilikimbia jikoni nikamwambia Mama kwamba Baba anafanya nyundo ya mkono wangu. Mama alikuwa anakanda unga. Hakuacha kukanda, lakini uso wake ulibadilika, na mimi nikasoma furaha pale. Labda ilikuwepo kidogo.

Wiki iliyofuata tukaenda Kaplong kuchagua vifaa vyenyewe. Mama alinipaka mafuta mpaka miguu ikang'aa. Duka lilikuwa jembamba na giza, misumari kwenye madebe, kamba zinaning'inia, na ile harufu ya karatasi ya mafuta kila mahali. Mwenye duka alikuwa mzee wa koti la kijivu, amekaa kwenye kiti kirefu na hapendi kushuka.

"Chagua nyundo," Baba akaniambia mbele yake.

Alinifundisha pale pale, kwa sauti ya chini. Nyundo usiiangalie uzuri, igonge na msumari usikie. Ikiwa na ufa haina sauti. Msumeno unafunga jicho moja, unautazama kwa urefu kama umenyooka, halafu unaupinda. Ukirudi wenyewe, chukua. Ukibaki umejikunja, rudisha. Randa unaiweka tumbo lake kwenye kioo cha kaunta, unachungulia chini. Mwanga ukipita katikati hiyo ni takataka, hata ikiwa imepakwa rangi gani. Patasi unaijaribu kwenye ukucha. Ikiteleza haijui kazi. Nilikataa nyundo, nikakataa nyingine. Nilikataa msumeno ambao yule mzee aliapa ndio anaowauzia mafundi wote wa Sotik.

Mzee ilibidi ashuke kwenye kiti chake. "Haki ya nani," akasema, anacheka bila kufurahi. "Baba, huyu ni msichana. Si umnunulie sufuria?"

"Mkono ni mkono," Baba akasema. "Lete ingine."

Nilimpenda. Wacha niseme wazi, kwa sababu huko mbele sitakuwa na nafasi ya kusema. Nilimpenda Baba siku ile kiasi kwamba kama angeniambia nimeze ule msumari ningemeza. Tulirudi nyumbani nimebeba ile randa kifuani, imefungwa kwenye karatasi yake, na mafuta yakaloa sweta yangu ya shule. Mama alifua ile sweta mara nyingi na harufu haikutoka, na mimi nilifurahi haikutoka.

Jioni ile Mama akaniuliza, "Amesema itachukua muda gani?"

"Hajasema. Kuna mipini mingi."

"Mingi," akasema, na akaniongezea maziwa kwenye kikombe.

Jumamosi iliyofuata, kabla sijaenda nyuma ya zizi, alinishika bega. "Chebet, nisikilize. Akikuuliza kama imekaa, sema bado."

"Na kama imekaa?"

"Hata kama imekaa. Sema inakuumiza hapa, inakuumiza pale. Kwani wewe unataka kitu cha haraka ama unataka kitu kizuri?"

Nilitaka kitu kizuri. Nilijua Mama ananitakia mema, anataka vifaa vyangu vishinde vya mafundi wote. Basi ikawa hivyo. Baba anakwangua kwa kioo, maganda membamba yanaanguka kwenye magoti yake, ananipa, nashika, napiga hewani.

"Pado?" anauliza. Watu wetu wengi wa rika lake walisema hivyo, pado, na mimi nilimwiga nikiwa peke yangu.

"Bado, Baba. Inanikwaruza kwa kidole hiki."

Anachukua tena bila kunung'unika. Mtu aliyekuwa anapiga mbwa teke kwa kubweka, alikaa kwenye kigoda akikwangua mpini mmoja kutwa nzima kwa sababu ya kidole changu. Wikendi kwa wikendi. Mama analeta chai na chapati, anasimama kidogo, anamwambia habari ya bei ya majani na ya nani ameoa, naye anajibu. Alikuwa akilala nyumbani, akiamka anaosha uso kwa beseni nje na kuimba wimbo wa kanisa asioujua maneno. Tulikuwa na furaha. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo, kwamba furaha ilikuwa ya kweli kabisa, ila haikuwa yetu.

Mwisho nikachoka. Mtoto ni mtoto. Shule zilikuwa zinakaribia kufungwa, na kichwani nilikuwa nimeshatengeneza kigoda cha Mama, sanduku la nguo, na mlango wa choo chetu ambao ulikuwa unafungwa kwa kamba. Nilitaka kuanza. Baba alikuwa amebakiza mpini wa nyundo, ule wa kwanza kabisa, ambao nilikuwa nimeukataa tangu mahindi yakiwa magotini mpaka yakakauka. Akanipa. Ukaingia mkononi ukatulia. Sikuhisi kwamba nimeshika kitu.

"Pado?"

"Imekaa, Baba. Imekaa kabisa."

Akaweka kipande cha kioo chini. Akanyoosha mgongo, akanipiga kofi dogo la kichwa, la upendo, akasema, "Umefanya kazi." Nilipogeuka nilimwona Mama kando ya zizi na mzigo wa kuni. Aliniangalia vile unavyomwangalia mtoto aliyemwaga maziwa ya kupeleka sokoni. Nikajiambia ana wivu kwa sababu nitaacha kazi za jikoni.

Baba alitengeneza sanduku, akaviringisha kila kifaa kwenye karatasi yake ya mafuta, akavipanga. "Kesho vaa vizuri," akaniambia. "Tunaenda Mulot. Wewe utabeba hii."

Kazi ya kwanza! Nilimwambia kila mtu aliyepita njiani. Nilimwambia hata fundi cherehani wa pale barabarani, na kumweleza kama mwenzake kwamba tunaenda kurekebisha viti huko Mulot, labda vya kanisa. Asubuhi Mama alinichana nywele akivuta kwa nguvu. Halafu akasema, "Nenda. Shika adabu."

Huko Mulot chai inakuwa imeisha. Ni mahindi na ngano na vumbi, na ng'ombe wengi wanavuka barabara wakitaka. Tulitembea kidogo kutoka stendi, sanduku linanigonga goti, mpaka boma moja la mabati mapya ya rangi ya buluu. Mabati ya nyumba yetu yalikuwa yanavuja. Mwanamke mnene kidogo, mwenye meno mazuri, akatoka akijifuta mikono.

"Karibu, Baba Kirui," akasema. "Mumechelewa."

Nikageuka kumtafuta huyo Baba Kirui. Hakukuwa na mtu nyuma yetu. Nikaamua kwamba watu wa Mulot wanachanganya majina.

Tukaingia ndani, tukakalishwa. Mimi nilikuwa na kazi kichwani. Niliinama nikachungulia chini ya meza kuona kama viungo vimelegea, nikatikisa mguu wa kiti, nikatikisa na stuli. Vilikuwa vizima vyote, vimechongwa vizuri, na mkono uliovichonga niliujua.

"Anatafuta nini huyu mtoto?" yule mama akauliza.

"Mwache," Baba akasema.

Kijana akaingia kutoka malishoni na fimbo yake. Wa urefu wangu. Masikio ya Baba, yale yanayosimama. Hata kusimama kwake, uzito kwa mguu mmoja, mkono kiunoni, ni Baba huyo amepunguzwa. Nilimwangalia nikafikiri, ajabu, Mulot kuna mtoto anafanana na Baba yangu. Nawaambia, nilifikiri hivyo. Mtoto anaweza kuona ukweli uso kwa uso na bado akaupisha njia upite.

Baba akafungua sanduku langu, akatoa nyundo, akaifunua kwenye karatasi.

"Weri," akamwambia, yaani kijana wangu. "Kuja. Leta mkono."

Kijana akauleta. Akakunja vidole. Mpini ukaingia ukatulia, niliuona ukitulia, nilijua unavyohisi ukitulia.

"Pado?" Baba akauliza.

"Imekaa," kijana akasema.

Mara moja tu! Baba akacheka, kicheko ambacho kwetu hakikuwahi kufika. Akamgeukia yule mama. "Nilikuambia. Wamezaliwa mvua moja, hawa. Hata ukiwapima na futi."

Kijana ndipo akaniona. "Na huyu ni nani, Baba?"

"Huyo?" Baba alikuwa ameshainama kutoa randa. "Huyo ndiye kipimo chako."

Yule mama alicheka. Halafu nadhani aliniangalia vizuri, akaacha, akaenda kuniletea chai yenye maziwa mengi na mkate uliopakwa siagi pande zote mbili. Simchukii yeye. Nilimchukia siku ile kwa sababu mkate ulikuwa mtamu na niliula.

"Mwonyeshe msumeno," Baba akaniambia. "Mwonyeshe vile unaangaliwa."

Na mimi nikamwonyesha. Nikafunga jicho moja, nikaupinda, nikaurudisha, nikamweleza habari ya mwanga chini ya randa na patasi kwenye ukucha. Nilieleza vizuri sana, mjinga mimi, kwa sababu nilidhani nikieleza vizuri Baba atakumbuka ni nani aliyevichagua. Kijana akasikiliza kwa heshima. Hakuwa mbaya. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mbaya.

Mchana Baba alinipandisha gari peke yangu, akamwambia kondakta anishushe Kaplong. "Mwambie mama yako nitakuja," akasema. Sikulia. Mikono yangu ilikuwa inanuka mafuta ya karatasi zile, nikaikalia njia nzima.

Mama alikuwa ananingoja barabarani. Hakuuliza nimekula. Hakuuliza kwa nini niko peke yangu.

"Ulimkaa?" akauliza.

"Nini?"

"Mpini. Ulimkaa yule kijana?"

Nikasimama pale kando ya lami. Alijua. Alijua mabati ya buluu, alijua Kirui, alijua mkono wangu unachongewa nani tangu siku ya unga. "Ulimkaa," nikasema.

"Nilikuambia useme bado," Mama akasema, na sauti yake haikuwa ya kugomba, ilikuwa ya mtu aliyechoka kabisa. "Ungesema bado tu, Chebet. Angekuwa hapa hata leo."

"Mbona hukuniambia ni za nani?"

"Ungempa mkono kama ningekuambia?"

Akatangulia njiani. Mimi nikamfuata. Ndivyo tulivyolizungumza jambo lile, na hatukulizungumza tena.

Baba hakuja Ijumaa ile, wala zilizofuata. Karakana ikaingiwa na kuku. Lakini Mama hakuwa mtu wa kukata tamaa, nampa haki yake. Jioni tukiota moto alikuwa anachukua kiganja changu anakilaza juu ya chake. Anapima. "Unakua," anasema. Akaanza kunipa maziwa ya jioni yote, akaninyima majembe mazito. Jirani mmoja alimsifu kwamba anamtunza mtoto vizuri. Nilijua ninatunziwa nini. Kijana wa Mulot naye alikuwa anakua, mipini itakuwa midogo, na mwenye emitiot na karakana na kipimo ni nani? Mama alikuwa amehesabu sawasawa. Hesabu yake haikuwa na mimi ndani, ilikuwa na mkono wangu tu.

Na Baba akarudi. Ilikuwa mwaka mwingine, baada ya mavuno, Jumamosi, mchana kweupe. Alipanda ile njia na begi lake, nywele zimeanza mvi. Hakuniuliza shule. Alienda moja kwa moja jikoni kuangalia kuni za emitiot juu ya mafiga, akachagua, akaenda nyuma ya zizi akafukuza kuku, akaanza kuchonga. Mama alikuwa anakimbia ndani ya nyumba anagonga vitu. Alitoka amevaa ile leso ya kichwa, amejipaka mafuta usoni, akanisukuma mgongoni kwa vidole viwili.

"Nenda. Na usisahau kile nilikuambia." Halafu akapaza sauti ya utamu ambayo sikuwa nimeisikia tangu mwaka ule. "Baba Chebet, nakuja, wacha nishike kuku!" Akateremka shambani, kuku akiwa mbele yake anapiga kelele.

Nilienda nyuma ya zizi. Baba alikuwa amepitisha panga tu na tupa kidogo. Mpini bado ulikuwa na pembe, mnene, wenye vijiti vinavyochoma.

"Umekuwa mkubwa," akasema. "Leta mkono."

Nikauleta. Akavikunja vidole vyangu kimoja kimoja, vile vile, na nitawaambia ukweli, moyo wangu uliruka vile vile. Nilimchukia kwa hilo kuliko kwa Mulot. Vidole havikukutana. Kibanzi kiliniingia chini ya kidole gumba. Mpini ule ungemtoa mtu malengelenge kabla hajapiga msumari wa pili, na nilitaka umtoe. Nilitaka umtoe malengelenge, yapasuke, yatoe tena.

"Pado?"

"Imekaa."

Akaniangalia. "Mara moja?"

"Mara moja."

"Na huu wa randa?"

Nikaugusa tu. "Nao umekaa. Yote imekaa, Baba."

Hakuwa na sababu ya kutoniamini. Alifurahi hata, kazi imekuwa fupi. Akaifunga ile mipini kwa ukanda wa mpira, akaangalia mawingu upande wa Sotik, akasema wacha awahi gari kabla mvua haijanyesha.

"Mama anashika kuku," nikamwambia.

"Mwambie siku nyingine."

Akashika njia ya juu, siyo ile ya shambani. Mama alitokea muda kidogo baadaye, amemshika jogoo mkubwa kwa miguu, anahema, leso imeteleza shingoni, tope mpaka magotini. Alikuwa anacheka. Akaangalia kigoda kitupu.

"Ameenda haja?"

"Ameenda."

"Ameenda wapi?"

"Kwake," nikasema. "Mipini imekaa."

Alisimama pale na yule jogoo akipigapiga mabawa dhidi ya sketi yake. Nilingoja anipige. Nilikuwa nimejiandaa, hata nilitaka. Lakini Mama alirudi jikoni tu, akamchinja, kwa sababu kuku ukishamkimbiza hivyo unamrudisha wapi. Akampika na kitunguu na majani ya dania kama ambavyo angempika mgeni. Nyama ilipoiva akapakua, na mkono wake kwa mazoea ukaiokota firigisi, ambayo kwetu ni ya mwenye boma na hakuna mwanamke anayeigusa, akaiweka kwenye sahani ya Baba, akaisukuma mahali pake pa mezani.

Nikanyoosha mkono nikaichukua, nikaitafuna polepole nikimwangalia Mama machoni, mpaka ikaisha.